Sikio moja limekufa: namna ya kulinda lililobaki

Mimi ni fundi seremala, Keko. Sikio langu la kushoto limeuliwa na uvimbe ulioota kwenye mshipa wa fahamu unaoshika mizani ya mwili, ule wanaouita vestibula shwanoma. Tunaougua hivi wasiwasi wetu ni mmoja: je, utahamia upande wa pili? Hauhamii. Wenye NF2, ugonjwa wa vinasaba, ndio huota uvimbe pande zote mbili, na ugonjwa huo huweza kurithiwa. Kwa hiyo kama wewe bado kijana, au kwenu yupo mwenye uvimbe kama huu, mwulize daktari waziwazi. Kwa sisi wengine, sikio lililobaki zima linaharibiwa na yaleyale yanayoharibu ya watu wote: umri, kelele, dawa.

Umri tuuache. Kwenye kelele, NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, inashauri mwisho wa desibeli 85 (kipimo cha ukali wa sauti) kwa saa 8, na kila zikiongezeka 3 muda unakatwa nusu. Zikifika 100 una dakika 15 tu, na mashine ya randa hufika huko kirahisi. Tumia vizibo vya sponji. Kisokote kiwe chembamba, vuta sikio juu kwa mkono wa pili, kitumbukize, kishikilie kwa kidole mpaka kitanuke. Juu yake vaa vile vikubwa vya kufunika sikio. Hapo sasa husikii kitu, kwa hiyo patana na vijana wako: msumeno ukizunguka, mtu asikuguse begani kwa nyuma. Kwangu wanazima taa na kuwasha, ama wanakuja mbele.

Sindano nazo. Gentamisini, amikasini na streptomisini zinaweza kuondoa usikivu usirudi tena. Sema mapema una sikio moja, daktari aone kama kuna dawa mbadala. Mimi nimeandika kwa kalamu nyekundu kwenye jalada la daftari la kliniki.

Pima usikivu kila mwaka, majibu yapige picha. Lililo zima litazame hasa kwenye hezi 4000, yaani sauti nyembamba, ndipo kelele huanza kung'ata. Likipimwa bovu, zima lazima lipigiwe mvumo. Bila hivyo litadaka sauti kupitia mfupa wa kichwa na majibu yatadanganya.

Kwenye daladala mimi hukaa dirishani kushoto, abiria na konda wabaki upande unaosikia. Barabarani usiamini sikio hata kidogo: bodaboda inayotoka kushoto nayo utaisikia kulia. Geuza shingo.

Siku sikio zima likiziba ghafla, usitie mafuta ukingoje nta ilainike. Nenda hospitali siku hiyohiyo, maana dawa za steroidi husaidia zaidi zikianzwa mapema. Ukifika mapokezi, neno la kwanza liwe kwamba la pili halisikii, la sivyo utapangwa foleni moja na wenye nta.