Malengo 17 Yaingie Kwenye Bajeti: Mwongozo kwa Ofisi ya Jiji

Katika ofisi nyingi za jiji, Malengo ya Maendeleo Endelevu utayakuta ukutani: vile visanduku 17 vya rangi, vimebandikwa jirani na kalenda. Fungua kitabu cha bajeti kilicho mezani chini yake, humo huyaoni. Nimefanya kazi ya mipango miji kwa miaka mingi, na sehemu kubwa ya kazi hiyo imekuwa kuyatoa malengo ukutani na kuyatia ndani ya kile kitabu. Mwongozo huu nauandika kwa ajili ya mtu aliyekabidhiwa kazi hiyo na hajui aanzie wapi.

Kwanza, kwa nini jiji? Septemba 2015 nchi 193 wanachama wa Umoja wa Mataifa zilipitisha Ajenda 2030, yenye malengo 17 na shabaha 169, yaani vipengele vidogo vyenye namba ndani ya malengo hayo. Waliokubaliana ni serikali za nchi. Lakini anayetoa kibali cha ujenzi, anayezibua mtaro, anayepanga kituo cha basi kikae wapi na anayezoa taka ni jiji. OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi la nchi nyingi zenye uwezo, limekadiria kwamba shabaha zisizopungua 105 kati ya zile 169 hazifikiki bila serikali za mikoa na za miji kushiriki ipasavyo. Ahadi ilitolewa na nchi, ila jembe liko mikononi mwa jiji.

Hatua ya 1: Soma makabrasha ya jiji lako kabla ya malengo

Kusanya mpango mkakati, bajeti ya mwaka huu na ripoti ya utekelezaji ya mwaka uliopita. Orodhesha miradi yote, na kando ya kila mradi andika namba ya shabaha inayoguswa: 6.1 kwa maji ya kunywa, 11.2 kwa usafiri, 11.6 kwa taka na hewa. Andika shabaha, usiandike lengo. Ukiandika "Lengo la 11", lile la miji, kila kitu kitaingia, kuanzia taa za barabarani hadi gari jipya la mkurugenzi. Ukiandika 11.7 utalazimika kusema ni eneo gani la wazi, na kama wanawake, watoto, wazee na watu wenye ulemavu wanaweza kulitumia bila hofu.

Kazi hii ni ya siku mbili tatu tu. Ikiisha, utaona shabaha zenye miradi tele na zile ambazo hazijatengewa hata senti. Hizi za pili zitie wino mwekundu.

Hatua ya 2: Chagua chache, na ziwe zinazobebana

Jiji linalotangaza kushughulikia malengo yote 17 kwa mpigo huishia kuandika ripoti. Mimi hushauri shabaha nne au tano, basi. Kipimo changu cha kuchagua ni hiki: je, ikisogea hii, zipi nyingine zinasogea nayo?

Chukua taka. Taka zisizozolewa huziba mitaro, mvua ikinyesha maji yanaingia majumbani: hapo umeshagusa 11.5 ya majanga. Maji yaliyotuama huleta mbu na magonjwa ya tumbo, ambayo ni 3.3. Zikichomwa moto uani, moshi wake unaharibu hewa, na hiyo ni 11.6 yenyewe. Plastiki iliyosombwa na mto hufika baharini, 14.1. Kiroba kimoja kilichozolewa kwa wakati kimefanya kazi katika idara nne, ingawa ni idara moja tu iliyolipia.

Hatua ya 3: Amua jiji linaishia wapi

Hatua hii wengi huiruka, kisha inawaponza. Mpaka wa kiutawala na mpaka wa jiji lenyewe ni vitu viwili. Nyumba zinaendelea ng'ambo ya ubao wa "Karibu", na wakazi wake kila asubuhi wanaingia mjini kufanya kazi. Mwaka 2020 Tume ya Takwimu ya Umoja wa Mataifa iliridhia kipimo cha pamoja: jiji ni eneo lililoshikana, lenye wakazi angalau 1,500 kwa kilomita ya mraba na jumla ya watu 50,000 au zaidi. Chora eneo hilo, liweke juu ya ramani ya mipaka yako, uone nani kaachwa nje. Mara nyingi walioachwa ndio wasio na maji wala barabara, na ukiwasahau kwenye hesabu asilimia zako zitapendeza bila wao kupata chochote.

Hatua ya 4: Pima mwenyewe

Takwimu za kuazima kutoka ripoti ya taifa hazitakusaidia kupanga njia ya lori. Nitaeleza upimaji wa taka kwa kirefu, kwa sababu hauhitaji mashine na unafundisha namna ya kupima mengine.

Unahitaji mizani ya kuning'iniza, viroba, kalamu isiyofutika, glavu na turubai. Njia iliyoandaliwa na UN-Habitat, shirika la Umoja wa Mataifa la makazi lenye makao makuu Nairobi, hutumia kaya 90. Unachagua maeneo tisa: matatu ya kipato cha chini, matatu ya kipato cha kati na matatu ya kipato cha juu, kaya 10 kila eneo. Siku ya kwanza unaondoa taka zote unazozikuta, na hizo hazihesabiwi, maana ndani yake mna za juzi na za wiki iliyopita. Baada ya hapo unarudi siku saba mfululizo, saa ileile. Kila kiroba kiandikwe namba ya nyumba na idadi ya watu wanaoishi humo.

Fuatana na mtu anayefahamika mtaani. Mgeni mwenye daftari anayeulizia taka za watu huonekana mtoza ushuru, na viroba huanza kuwa vyepesi. Nyumba ya watu watatu ikitoa kilo 20 siku moja, uliza kwa upole kabla ya kuandika. Huenda walikuwa na shughuli, au jirani kaona kuna wazoaji akaleta na zake.

Hesabu ni nyepesi. Tuseme nyumba ya watu watano imetoa kilo 17.5 kwa siku saba: hiyo ni nusu kilo kwa mtu kwa siku. Wastani wa jiji ukiwa huohuo, na wakazi wakiwa 400,000, majumbani hutoka tani 200 kila siku. Siku hizohizo weka watu langoni mwa dampo wahesabu malori, na yale yanayoleta taka za masoko na viwanda yaandikwe kando, la sivyo utajidanganya. Tuseme zinazofika kutoka majumbani ni tani 90. Tani 110 ziko wapi? Sehemu yake imeokotwa na waokota taka, na hao lazima uwatafute kupitia wanunuzi wa chupa na vyuma chakavu, kwa sababu wanalifanyia jiji kazi ambayo halijawahi kuilipia. Zilizobaki ziko mitaroni, mashimoni na kwenye moto wa jioni.

Angalizo: kiashiria cha 11.6.1, yaani kipimo rasmi cha taka chini ya shabaha 11.6, hakiulizi tu kama taka zimezolewa, kinauliza pia kama zimeishia kwenye sehemu inayodhibitiwa. Dampo lisilo na uzio, lisilofukiwa udongo, linalofuka moshi usiku kucha, haliwezi kuitwa sehemu inayodhibitiwa hata kama lina mlinzi langoni.

Hatua ya 5: Gawa kila namba kwa mtaa

Katika mkutano mmoja wa wakazi nilionyesha jedwali lenye kusema asilimia 80 ya kaya zina maji. Mama mmoja aliyeketi nyuma alisimama akaniambia, "Mwanangu, sisi huku hatumjui hata mmoja katika hao themanini." Alikuwa sahihi. Wale themanini walikuwa upande wa pili wa reli. Tangu siku hiyo sijapeleka wastani wa jiji popote bila kuambatanisha ramani ya mitaa.

Usafiri una mtego wake. Kipimo cha 11.2 kinamhesabu mtu kuwa na usafiri ikiwa kituo cha basi kiko ndani ya mita 500, au kituo cha treni ndani ya mita 1,000. Kwenye kompyuta ni rahisi kuchora duara kuzunguka kituo na kumhesabu kila aliye ndani yake. Usifanye hivyo. Mtu hapai kama ndege. Katikati kuna ukuta wa kiwanda, mto usio na daraja, barabara kuu isiyo na kivuko. Fuata njia ya miguu, tena utembee mwenyewe nyakati za asubuhi ukiwa nyuma ya mtu mwenye mtoto mgongoni. Mita 300 za ramani zinaweza kuwa kilomita nzima ya kutembea.

Hatua ya 6: Kila shabaha ipate kifungu

Andika karatasi moja kwa kila shabaha: iko wapi leo, iwe wapi baada ya miaka mitatu, kifungu gani cha bajeti kinailipia, na cheo gani kinawajibika. Kama sehemu ya kifungu iko wazi, huna mpango, una nia njema.

Nenda kwa watu wa fedha kabla ukomo wa bajeti haujawekwa. Ukifika baadaye umeshapoteza mwaka. Na pigania fedha za uendeshaji kuliko za ununuzi. Nimeona malori mapya yakiota majani kwa kukosa dizeli na matairi, wakati picha za siku ya kuyapokea bado zinang'aa ukumbini.

Uamuzi wa mtaa upi utangulie usibaki mezani kwa wataalamu. Porto Alegre, nchini Brazili, tangu mwaka 1989 wakazi waliketi katika mabaraza ya maeneo yao wakapanga vipaumbele vya bajeti, na mgawanyo ukazingatia idadi ya watu, upungufu wa huduma na kile wakazi wenyewe walichokitanguliza. Kanuni hiyo ya mgawanyo ndiyo ya kuiga kabla ya mikutano yenyewe, kwa sababu bila kanuni mwenye sauti kubwa huchukua barabara.

Hatua ya 7: Toa ripoti, na usifiche palipokwama

Nchi hupeleka mapitio yao ya hiari ya utekelezaji wa malengo haya kwenye jukwaa la Umoja wa Mataifa mwezi Julai kila mwaka. Mwaka 2018 New York ilipeleka ya kwake kama jiji, na mwaka huohuo miji ya Japani, Kitakyushu, Toyama na Shimokawa, ikatoa za kwao. Shimokawa ni mji wa wakazi kama elfu tatu tu, kwa hiyo udogo si udhuru.

Ripoti iwe na majedwali ya mitaa, iwe katika lugha inayosemwa sokoni, na ibandikwe ofisi za kata kabla ya kusafirishwa kwenda kokote. Shabaha iliyorudi nyuma ipewe ukurasa wake pamoja na sababu. Halafu mizani na viroba vitunzwe stoo, maana upimaji utarudiwa mwakani katika maeneo yaleyale tisa, mwezi uleule. Taka za msimu wa mvua ni nzito kuliko za kiangazi, na ukibadili mwezi hutajua kilichobadilika ni jiji au ni mvua.