SOMO: Homa imeisha, tumbo bado linakataa chakula

Nauza dawa karibu na soko la Kadutu, Bukavu, mashariki mwa Kongo. Kila wiki nasikia maneno yale yale: "Yaya, kutapika kumeisha, lakini nikila tu roho inachafuka. Nipe Flagyl." Flagyl ni dawa ya kuua bakteria na vijidudu kama amiba. Nimejibu dirishani, kwenye simu, hata nje ya kanisa. Naandika mara moja. Atakayeuliza tena nitamtumia somo hili.

Linamhusu mtu mzima au mtoto mkubwa aliyetapika na kuhara kwa virusi, homa ikaondoka, lakini kichefuchefu, gesi na choo laini vinaendelea.

HALIMHUSU anayetoa choo cha maji meupe kama yaliyooshewa mchele. Hapa kandokando ya Ziwa Kivu tunahesabu hicho ni kipindupindu mpaka kipimo kikatae: nenda kituoni sasa hivi, ukinywa ORS (chumvi na sukari ya kurudisha maji mwilini) njiani. Vilevile damu kwenye choo au matapishi, macho ya njano, maumivu makali yasiyoachia, kutapika hata maji, au kutokojoa tangu asubuhi. Homa ikirudi, pima malaria siku hiyo hiyo. Mjamzito naye aende kituo cha afya.

Mjue kwanza kinachowasumbua. Virusi hivyo, hasa norovirus na rotavirus, hukwangua ngozi ya ndani ya utumbo mwembamba. Seli mpya huota, ila hazikomai kwa siku moja. Wengine huchukua wiki mbili. Tumbo nalo hukawia kusukuma chakula chini, na kikikaa juu, roho inachafuka. Kazi yenu ni kulipunguzia mzigo, si kulipiga vidonge.

Hatua ya 1. Maji. Pakiti moja ya ORS, lita moja kamili ya maji safi. Chupa ya bia haifiki lita! Kama hamna pakiti, kwa lita ile ile: vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha, si vya mlima. Kunywa funda moja moja. Yaliyobaki kesho yake, mwaga.

Hatua ya 2. Kula kidogo, mara tano au sita kwa siku. Ukimaliza, kaa wima.

Hatua ya 3. Wali laini, viazi, ndizi mbivu, bugali kidogo na sambaza (samaki wadogo wa ziwani) za kuchemsha. Mawese, pilipili, maharagwe, kahawa na kasiksi (pombe ya ndizi) visubiri.

Hatua ya 4. Maziwa. Hapa ndipo karibu kila nyumba inaharibu. Mgonjwa amekonda, mama mkwe anasema apewe kitu cha nguvu, na inaletwa masosoma, uji wa unga mchanganyiko, nzito, iliyopikwa kwa maziwa matupu, sukari juu yake. Nusu saa baadaye tumbo linanguruma, limevimba, mtu anakimbilia choo, na nyumba nzima inalia kwamba ugonjwa umerudi. Haukurudi. Sukari ya maziwa, yaani laktosi, huvunjwa na kimeng'enya kinachokaa kwenye ncha za seli zile zile zilizokwanguliwa. Kisipokuwepo, laktosi inashuka nzima mpaka utumbo mpana. Huko inavuta maji na bakteria wanaichachusha, ndiyo gesi na kuhara. Basi simamisha maziwa wiki moja mpaka mbili, kisha jaribu robo kikombe pamoja na chakula, si tumbo likiwa tupu. Likinguruma, ngoja siku chache tena.
ONYO: maziwa ya unga kwenye chai ni maziwa.
ONYO: soda na juisi tamu sana nazo huvuta maji utumboni. Fanta si ORS, hata ukiitoa gesi.
ONYO: hatua hii HAIHUSU mtoto anayenyonya.

Hatua ya 5. Tangawizi. Kipande cha kidole gumba, ponda, chemsha dakika kumi, kunywa kidogo kidogo. Ukiwa unatumia dawa ya kuzuia damu kuganda, uliza daktari kwanza.

Hatua ya 6. Dawa. Flagyl haiui virusi, na yenyewe huleta kichefuchefu na ladha ya chuma mdomoni. Ibuprofen na diclofenac huchubua tumbo. Ukiumwa kichwa, tumia paracetamol kwa kipimo chake. Nauza dawa hizi zote, kwa hiyo msidhani napata faida kuwakataza.

Hatua ya 7. Muda. Ikipita wiki nne, au unazidi kukonda, nenda ukapime choo. Labda ni giardia, kijidudu cha utumboni, na hapo Flagyl inaweza kupata kazi. Baada ya kipimo.

MASWALI

Chance wa Bagira: Yaya asante. Sasa Flagyl ninywe ngapi kwa siku?
— Hatua ya 6.

Chance wa Bagira: Lakini jirani yangu alikunywa akapona.
— Angepona hata bila hiyo. Virusi huisha vyenyewe.

Mama Neema: Mtoto wangu ana miezi minane, anaharisha tangu jana. Nimesimamisha ziwa kama ulivyosema.
— Mama, sikusema hivyo! Rudisha ziwa sasa hivi, mara nyingi kuliko kawaida. ORS kwa kijiko. Akitapika, ngoja dakika kumi, anza tena polepole. Na leo leo mpeleke kituo cha afya wamwangalie. Watampa pia zinki: kwa umri wake ni miligramu 20 kwa siku, siku 10 mpaka 14. Usikatishe hata kuhara kukikoma.

Papa Trésor: Mimi nawekewa serumu (dripu) moja tu, nguvu zinarudi. Haya mengine ni kupoteza muda.
— Papa, sehemu kubwa ya serumu ni maji na chumvi. Anayeweza kunywa, anywe. Sindano ni ya aliyeishiwa maji kabisa au asiyeweza kunywa.

Mwanafunzi wa uuguzi: Bibi yangu akiumwa tumbo hanywi maziwa ila anakunywa mashanza, yaani maziwa ya kuganda, na hapati shida. Si yote ni maziwa?
— Swali zuri sana. Maziwa yakiganda, bakteria wameshakula sehemu ya laktosi na kuigeuza asidi, ndiyo maana ni machachu. Wanaobaki hai wanaendelea kusaidia kuivunja tumboni. Jibini ngumu ya Masisi ina laktosi kidogo zaidi: nyingi huondoka na maji ya maziwa, inayobaki huisha jibini inapokomaa. Ila mashanza ya maziwa yasiyochemshwa yanaweza kuleta brusela, ugonjwa wa homa unaotoka kwa mifugo. Bibi achemshe kwanza, yapoe, ndipo agandishe.

Mwanafunzi wa uuguzi: Na mbona nyumbani tunapokezana ugonjwa kila baada ya siku chache, na jeli ya mikono tunayo?
— Jeli ya alkoholi haiwezi norovirus vizuri. Maji na sabuni, hasa baada ya choo na kabla ya kupika. Aliyepona anaweza kuendelea kutoa virusi kwenye choo wiki mbili au zaidi, kwa hiyo asipikie watu angalau siku mbili za kwanza baada ya dalili kuisha.

Mama Neema: Tumefika kituoni, ameshapewa zinki. Matapishi ya jana nimepangusa kwa maji tu, inatosha?
— Haitoshi. Tumia javeli, ile klorini ya maji ya kung'arisha nguo. Kama chupa imeandikwa asilimia 5, sehemu moja kwa tisa za maji. Acha ikae sakafuni dakika kumi, fungua dirisha, usichanganye na dawa nyingine yoyote ya choo. Mtoto awe chumba kingine.