Kupima kipindi cha watoto kabla ya kukipa alama

Kipindi cha sauti kilichotengenezwa na wanafunzi kwa ajili ya watoto, usikisikilize peke yako. Mimi huwaita watoto wanne wa darasa la tatu barazani kwetu Ngamiani, Tanga, nawawekea kipindi kwenye simu, kisha natazama nyuso zao. Wanafunzi wangu walipoleta kipindi cha Mapango ya Amboni, yaliyo karibu na mji wetu, dakika nzima ya mwanzo ilikuwa salamu na shukrani. Mtoto mmoja akaanza kuchokonoa mkeka. Popo waliposikika, akainua kichwa. Sekunde hiyo niliiandika.

Kikiisha, usiulize "Mmependa?" Watakuitikia kwa adabu tu. Mwambie mmoja amsimulie mwenzake ambaye hakuwepo. Kwa kipindi hiki cha Amboni, asipotaja mawe ya chokaa yaliyoliwa na maji hadi yakawa mapango, maelezo hayakufika, hata sauti iwe safi namna gani. Muziki naupima mwisho. Na kama kuna mtoto aliyehojiwa, hakikisha mzazi wake aliridhia.