Kubandua lebo ya kalkuleta ya zamani isichanike, na kuirudisha ikakaa

Kalkuleta za zamani bado zipo nyingi tu huku kwetu, nyingine zimelala kwenye droo za wazee waliokuwa wahasibu enzi za ushirika wa kahawa, nyingine unazikuta zimechanganywa na rimoti na chaja pale soko la Memorial Moshi, na hata Arusha ukizunguka kwa wauza vitu chakavu hukosi. Shida inaanza ukitaka kuifungua, unaigeuza unatafuta skrubu huoni hata moja, ndo hapo mtu anachukua kisu cha jikoni anaanza kuchokonoa ubavuni mpaka plastiki inapata mapengo na kumbe skrubu zilikuwa chini ya lebo muda wote.

Kwahiyo kabla ya chochote jua kama hiyo lebo inatakiwa itoke kweli. Ipapase yote na kidole taratibu, penye tundu la skrubu utasikia inabonyea kidogo. Taratibu nimesema, maana lebo ya aluminiamu ukiibonyeza kwa nguvu inabaki na kishimo na hakitoki tena. HP-35 ya mwaka 1972, ile kalkuleta ya kisayansi ya kwanza ya kushika mkononi, ina skrubu chini ya lebo ya nyuma, hapo huna ujanja. Lakini HP-12C iliyotoka 1981, ambayo watu wa benki wanaijua mpaka leo, skrubu zake ziko chini ya vile vimguu vinne vya mpira, lebo haihusiki kabisa, iache ilivyo. TI-30 ya 1976 yenyewe inafunguka kwa vifungio vya plastiki, ukibandua lebo umejitafutia kazi bure.

Ukishajua ni lazima, toa betri, piga picha mgongo wote namba ya utambulisho (serial namba) ionekane na uone lebo ilikaaje, iliegemea upande gani, ilikuwa juu kiasi gani. Baadae utaishukuru hiyo picha.

Sasa joto. Draya ya saluni inatosha, ya mama watoto au ya kuazima, ishike mbali kidogo na uizungushe zungushe isitulie sehemu moja. Kipimo ni kidole chako: gusa lebo, kama unaweza kukiacha hapo bila kuruka basi uko sawa, kama unaruka umezidisha. Kama una fundi simu mnaeleweana ni bora zaidi, wale wana sahani ya moto ya kubandulia vioo, mwambie aweke nyuzi 60 hivi, ulaze kalkuleta mgongo chini dakika chache. Ila asikuelekezee ile blowa ya kuchomelea, ile ni mamia ya nyuzi, plastiki inajikunja ukiangalia. Na kwa zile zenye kioo cha namba nyeusi zuia moto usifike upande wa mbele, kioo cha hivyo hakipendi joto kabisa.

Ikishapata moto anza kwenye kona. Kadi ya benki iliyoisha muda ukiikata ncha iwe nyembamba ni kifaa kizuri kuliko wembe, wembe unachimba. Ingiza kona ya kadi, isukume kwa ulalo, usiinue. Hapa ndo watu wengi wanaharibu, wanapata kona imetoka wanaishika na vidole wanavuta juu kama plasta ya kidonda, lebo ya aluminiamu inakunjika na ule mkunjo utaonekana milele hata uinyooshe vipi. Ya aluminiamu inabaki flati muda wote, wewe unapita chini yake tu, ukitaka tumia uzi wa nailoni wa kuvulia samaki, unaushika pande mbili unakeketa kwenda na kurudi. Ya plastiki unaweza kuirudisha nyuma kwa ulalo mdogo, polepole, na ukitazama pale inapoachana utaona gundi inavuta nyuzi nyuzi kama asali ya rangi ya chai, zikiwa ndefu na laini endelea, zikianza kukatika katika na lebo inaanza kuwa nyeupe pale inapokunjwa, simama, rudisha joto.

Inapogoma kabisa dondoshea petroli ya viberiti kidogo pembeni, ile ya kwenye kichupa, sio ya bodaboda, subiri iingie. Jaribu kwanza sehemu iliyojificha kwa pamba ya masikio, uone kama maandishi hayatoki. Spiriti nayo inafanya kazi ila baadhi ya maandishi inayafuta, na lebo za karatasi zinavimba. Thina na dawa ya kutolea rangi ya kucha usisogeze hata karibu, zinayeyusha hiyo bodi.

Lebo ikitoka ilaze kwenye ile karatasi laini inayobaki ukibandua stika, gundi ikiangalia chini, weka kitabu juu. Sio gazeti, gazeti litabaki huko huko. Na uifunike, vumbi letu la kiangazi mnalijua.

Usiwe na haraka ya kuirudisha. Itumie kalkuleta wiki nzima ikiwa uchi, maana ukibandika leo kesho kitufe cha saba kikagoma unaanza upya.

Gundi ya zamani itoe pande zote mbili na petroli ile ile, mpaka kidole kisinate. Kubandika mimi natumia dabo tepu nyembamba ya mafundi simu, naikata nikiruka matundu ya skrubu, ili fundi atakayekuja baadae asikute skrubu imejaa gundi. Gundi ya B-7000 nayo inafaa, vitone vidogo tu, na ikipata moto inaachia. Supa gluu hapana, inatoa mvuke unaoacha ukungu mweupe kwenye plastiki, afu siku ya kufungua tena lebo inatoka vipande. Kabla hujabana, ishikize upande mmoja kwa selotepu ikae mahali pake kama kwenye picha, ndo utoe karatasi ya dabo tepu na kuilaza kuanzia upande huo. Kama ni mwezi wa saba na uko Arusha pasha kwanza na draya pande zote mbili, kwenye baridi ile gundi haishiki.

Lebo iliyochakaa mimi nairudisha hivyo hivyo. Kuna watu wanaenda steshenari wanaprinti mpya inang'aa, ni sawa kama ya zamani imepotea, ila ukiiuza mwambie mteja.

Vimguu vya mpira vinarudi kwa dabo tepu hiyo hiyo. Vikiwa vimekauka nunua vya kubandika, hakikisha vyote vina kimo kimoja, la sivyo kila ukibonyeza kitufe kalkuleta inacheza mezani.