Maji ya moto katika nyumba unayojijengea Tanga: amua kabla ya plasta

"Joto lote hili la Tanga, maji ya moto ya nini?" Fundi aliniuliza hivyo tukiwa ndani ya boma langu huku Kange, nami sikuwa na jibu. Jibu lilikuja tulipohamia. Mwezi wa sita, kusi linavuma, mama yangu huamka kabla ya adhana ya alfajiri, na magoti yake hayataki maji ya baridi. Kisha binti yetu akajifungua, akaja kukaa arobaini kwetu. Mzazi hukandwa asubuhi na jioni, na kila mara ni sufuria kubwa ya maji iliyochemkia mkaa. Hapo nikatamani ningekuwa nimechimbia bomba moja tu la maji ya moto ukutani siku ile fundi aliponiuliza.

Hatua ya kwanza: yajue maji yako. Watu huanza na hita dukani, na hapo ndipo wanapokosea. Maji ya Tanga UWASA, mamlaka ya maji ya mji wetu, hutoka bwawa la Mabayani, mto Zigi, nayo hayasumbui hita sana. Kisima ni jambo jingine. Karibu na bahari kuna chumvi, na ardhi yetu ni ya mawe ya chokaa. Aliyeingia Mapango ya Amboni ameiona chokaa hiyo kwa macho. Chemsha maji ya kisima chako mara kadhaa kwenye sufuria moja bila kuisugua, kisha pitisha kidole chini. Ukigusa unga mweupe ulioganda, jua hita yako nayo itavikwa hivyo hivyo.

Mimi sikupima. Hita yangu ya kwanza, ya lita 50, niliiunga kwenye kisima, na mwaka haukuisha ikawa inachukua saa nzima kupasha ndoo moja. Tulipofungua tulikuta koili, kile chuma kinachopasha maji, limevikwa gamba jeupe, nene kama sarafu. Fundi alilibana kwa koleo likapasuka kama ganda la yai, na ndani shaba imekuwa nyeusi na ina ufa. Ile fimbo ya magnesiamu, ambayo kazi yake ni kuliwa na kutu badala ya tenki, ilibaki waya mwembamba. Laiti ningejua kwamba fimbo hiyo hukaguliwa kila mwaka na kubadilishwa, tenki lingepona.

Hatua ya pili: piga hesabu ya watu. Mtu mmoja anaoga vizuri kwa lita 40 za maji vuguvugu. Maji ya tenki yakiwa na nyuzi 60 na ya bombani 25, katika hizo 40 ni lita 17 tu zinazotoka kwenye hita. Watu watano hawafiki lita 90. Kupasha lita 100 kutoka nyuzi 25 hadi 60 hula uniti 4 za umeme, na uniti moja kwa mteja wa kawaida ni kama shilingi 356. Kwa mwezi ni uniti 120. Kama upo kwenye ile bei nafuu ya wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, hita hiyo peke yake itakutoa humo.

Hatua ya tatu: chagua chombo. Kwa familia kubwa yenye paa zuri, mimi nasema hita ya sola, inayopasha maji kwa jua, bila kusita. Ile ya mirija ya kioo haina mota wala pampu: maji yakipata moto yanapanda tenkini, ya baridi yanashuka. Tanga ipo nyuzi 5 kusini mwa ikweta, kwa hiyo mirija itazame kaskazini, ikiinama nyuzi 10 hadi 15. Kuanzia Machi hadi mwanzo wa Oktoba jua la mchana huwa upande huo, na humo ndimo ilimo miezi tunayohitaji maji ya moto zaidi. Wakati wa masika mawingu yatakuangusha siku kadhaa, basi nunua tenki lenye koili la akiba la umeme na uliwashe siku hizo tu.

Tenki la lita 150 likijaa, na chuma chake, linakaribia kilo 200. Mwambie fundi wa paa mapema aongeze mbao za kenchi mahali litakapokaa. Simtank, yaani tenki la maji baridi, iwe juu ya tenki la sola, la sivyo maji hayatapanda. Na hewa yetu ya chumvi inakula bolti za kawaida upesi sana. Omba za chuma kisichoshika kutu.

Shawa ya umeme inayopasha papo hapo ni rahisi kununua, na kuoga dakika sita kwa kilowati 5 ni nusu uniti tu. Lakini nyingi zina koili lililo uchi ndani ya maji, na maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri. Mwenye kisima cha chumvi asiifunge. Hita ya gesi nayo ni nzuri, ila ikae nje ya nyumba na kamwe isiwekwe bafuni.

Hatua ya nne, na hii ndiyo iliyonifanya niandike: bomba liingie ukutani kabla ya plasta, hata kama hita utainunua miaka mitatu baadaye. Tumia PPR, bomba la plastiki gumu, ya maji ya moto, ile yenye mstari mwekundu, inayounganishwa kwa mashine ya kuyeyusha. PVC ya kawaida hulegea kwa moto, na kiungo kikiachia nyuma ya marumaru utaijua siku ukuta unapovimba. Weka hita karibu na bafu. Bomba la milimita 20 likienda mita 15, unamwaga lita 2 za maji baridi kila ukifungua koki, na mwenye kununua maji kwa ndoo anaelewa uchungu wake. Ziba ncha kwa vifuniko, piga picha ukuta ukiwa wazi, na ziweke picha hizo mahali salama.

Hatua ya tano ni umeme. Shawa ya kilowati 5 huvuta zaidi ya ampia 21, hivyo ipate waya wake wa milimita za mraba 4 au 6 kutoka kwenye bodi, breka yake, na ethi (waya wa kupeleka umeme ardhini) ya kweli iliyopimwa. Ongeza breka ya miliampia 30 inayokata umeme ukivuja. Hita ya tenki isikose valvu ya kutoa presha, na bomba lake lielekee nje, lisizibwe.

Maswali niliyoulizwa

Dada wa Pongwe: Nyumba yangu imeshapigwa plasta na marumaru. Nimechelewa?

Hujachelewa, dada yangu. Pitisha PPR ukuta wa nje, toboa tundu moja tu kuingia bafuni. Ila ifunike, maana jua huikausha ikapasuka.

Kaka wa Sahare: Maji yakikatika wiki nzima, sola itaharibika?

Mirija mitupu juani hupata moto mkali sana. Usifungulie maji saa sita mchana, mirija itapasuka. Jaza usiku au alfajiri. Na pampu ya kuongeza presha usiiunge moja kwa moja kwenye tenki la aina hii, halikutengenezwa kubeba presha.

Mzee wa Lushoto: Huku kwetu Juni na Julai baridi inaingia mifupani. Wengine tunalala na jiko la mkaa chumbani. Je, nikiacha dirisha wazi kidogo?

Shikamoo mzee. Nakuomba usilale nalo, hata dirisha likiwa wazi. Mkaa hutoa kaboni monoksidi, isiyo na harufu wala rangi. Mtu husinzia tu, haamki. Kama bado unajenga, jenga meko ya ukutani yenye dohani inayovuka juu ya paa, weka dari chini ya bati, ziba nyufa za milango, na madirisha makubwa yatazame kaskazini yapokee jua la miezi hiyo. Kwa nyumba iliyokwisha, anza na dari. Usiku wa leo, jiko litoke nje kabla hamjalala.