Jinsi ya kumhoji mwandishi wa kitabu cha kuprogramu mpaka akuonyeshe anavyofanya kazi

Mi nimeshaongea na waandishi kadhaa wa vitabu vya kuprogramu na kuna kitu kimoja nakiamini kabisa, ukimuuliza mwandishi maoni yake atakurudishia yaleyale ya kitabuni, ila ukimuuliza juzi alikaa mbele ya kompyuta akafanya nini, hapo ndo utapata kitu ambacho hajawahi kukiandika popote. Kwa hiyo kazi yako yote, kuanzia kujiandaa mpaka kuhariri, ni kumtoa kwenye maoni umpeleke kwenye mikono yake.

Anza kwa kusoma kitabu, na kama huna muda wa kukimaliza chagua hata sura mbili tu, lakini hizo mbili zisome terminali (lile dirisha la kuandikia amri) ikiwa wazi pembeni, amri ziandike mwenyewe na usikopi, mifano iendeshe yote uone kama inakubali. Ikigoma mahali weka alama, hapo pana swali zuri. Mfano kitabu cha Git, ile programu ya kutunza historia ya mabadiliko ya kodi, kilichotoka kabla ya Agosti 2019 kitakufundisha git checkout kwa kuhama tawi (mkondo mwingine wa kazi) na hiyohiyo kwa kurudisha faili, kwa sababu git switch na git restore zilikuja na toleo la 2.23 mwezi huo. Sasa usimwambie mwenzio kitabu chake kimepitwa na wakati, muulize hivi: leo ukimfundisha mtu mgeni unaanza na amri ipi, na we mwenyewe ukiwa na haraka unaandika ipi? Mara nyingi hayo majibu mawili hayafanani, na akianza kueleza kwa nini hayafanani usimkatize kabisa.

Kitabu kikiwa na toleo la pili, tafuta yote mawili uyaweke pamoja. Refactoring ya Martin Fowler, kitabu cha kupanga upya kodi bila kubadili inachofanya, ilitoka 1999 mifano ikiwa ya Java, toleo la pili la 2018 likaja na JavaScript, na kubadili lugha ya mifano ya kitabu kizima ni uamuzi mkubwa, mtu hafanyi hivyo bila sababu. Fred Brooks aliandika The Mythical Man-Month, kitabu cha kusimamia miradi ya programu, 1975, halafu kwenye toleo la 1995 akakiri wazi kwamba kwenye suala la kuficha undani wa moduli (vipande vya programu) mtafiti David Parnas ndo alikuwa sahihi na yeye alikosea. Mtu akiwa na ujasiri wa namna hiyo we mpe nafasi auonyeshe. Angalia sana kilichoondolewa kuliko kilichoongezwa, maana kilichoongezwa atakitangaza mwenyewe, ila ile aya iliyotoka kimyakimya hakuna anayemuuliza. Mwambie tu, "hii aya ilikuwepo, sasa haipo, katikati hapo kulitokea nini?"

Maswali yenyewe sasa. Usiulize testi (kodi ya kupima kodi nyingine) zina umuhimu gani, hakuna mwandishi atakayekujibu hazina. Usiulize mtu anadibagi vipi, yaani anatafuta vipi bagi (kosa la programu), atakupa orodha safi iliyopangwa vizuri ambayo hata yeye haifuati. Uliza: bagi ya mwisho iliyokusumbua ilikuwa ipi, ulianza kuangalia wapi, na ulidhani ni nini kabla hujajua ni nini? Hilo la mwisho usiliache, kwa sababu ile dhana ya kwanza iliyomdanganya inamfundisha msomaji kuliko jibu lenyewe.

Na omba kuona skrini. Niliwahi kuongea na mwandishi mmoja ambaye kitabu chake kinasisitiza testi iandikwe kabla ya kodi, tukaenda kama dakika 20 anarudia yaliyomo kitabuni kwa maneno mengine, nikaona hapa hatufiki, nikamuomba anionyeshe kazi ndogo yoyote aliyonayo siku hiyo. Akafungua faili akaanza kuandika funksheni, mistari kama sita hivi, testi hakuna. Nikanyamaza. Akasimama mwenyewe, akaangalia skrini, akasema hapa bado sijui hii data ina umbo gani, kwa hiyo naandika kwanza niione, nikishaielewa naifuta naanza upya na testi. Na kweli akaifuta ile mistari yote mbele yangu, hakubakiza hata mmoja, ndo akafungua faili ya testi. Yaani hilo la kufuta kwenye kitabu halipo, na kwangu lile ndo lilikuwa somo kubwa kuliko sura nzima, na nisingelipata kama ningejaza ule ukimya kwa swali lingine. Kwa hiyo mwenzio akinyamaza, hesabu moja mpaka tano moyoni kabla hujafungua mdomo.

Akitaja zana usiridhike na "inaokoa muda". Mtu akikwambia git bisect, amri ya kutafuta badiliko lililoleta bagi, inaokoa muda, muombe mhesabu pamoja: una komiti (mabadiliko yaliyohifadhiwa kwenye Git) 1,000 na bagi imeingia mahali fulani humo, kila hatua inakata nusu, kwa hiyo hatua kama 10 tu umeshaifikia ile iliyoharibu. Hapo msomaji ameelewa. Halafu muulize ni lini inashindwa, atakwambia pengine katikati kuna komiti ambazo hata hazikompaili (kodi yake haigeuki kuwa programu) na hapo inabidi utumie git bisect skip kuziruka, na kama zimejaa nyingi mahali pamoja unaweza usipewe jibu la komiti moja, unabaki na kundi la kushuku. Swali la "lini haifanyi kazi" uliza kwa kila zana na kila mbinu anayoisifia. Kuhusu edita (programu ya kuandikia kodi) mi siulizi anatumia ipi, nauliza ni zana gani aliipenda sana halafu akaiacha, na siku anaiacha nini kilimchosha.

Mambo ya kurekodi sitayarefusha: omba ruhusa kabla hujabonyeza, kila mtu arekodiwe kwenye faili yake, jaribu maiki siku moja kabla, na mpelekee mwandishi mada tatu au nne mapema lakini sio maswali yenyewe, akiyapata maswali atakuja na majibu ya kukariri. Saa moja inatosha.

Kwenye kuandika ndo watu wengi wanaharibu. Programu za kugeuza sauti kuwa maandishi mara nyingi zinakosea majina ya amri, kubectl peke yake (amri ya kusimamia programu kwenye seva) watu wanaitamka kwa namna tatu au zaidi, kwa hiyo kila amri, jina la laibrari na namba ya toleo isikilize upya kwa masikio yako. Namba ya toleo usiiache hata kama mwenyewe aliisema haraka, mfano wa Python 2 na wa Python 3 unaweza kutofautiana kwa mabano tu ya print na mmoja ukagoma. Ukipunguza maneno yake usiunganishe majibu mawili ya maswali tofauti yakaonekana ni jibu moja, hapo unamsemesha kitu ambacho hakukisema.

Mwisho chukua kila kipande cha kodi kilichobaki kwenye andiko lako, kiendeshe kwenye folda mpya isiyo na kitu, halafu vipande hivyo pamoja na majina na namba mtumie mwandishi avihakiki. Maoni yake usimtumie ayahariri, yale aliyasema na rekodi unayo. Akiona kosa la amri rekebisha siku hiyohiyo, akitaka kuondoa ile sehemu aliyofuta mistari sita mpigie simu muongee kwanza, mweleze kwa nini unaihitaji, na msikilize na yeye anaogopa nini.