Somo: Jinsi ya Kuisikiliza Albamu ya Master of Puppets ya Metallica

Ndugu wanachama, somo hili ni la yeyote aliyewahi kusikia thrash metal, aina ya muziki wa roki wenye kasi na magitaa mazito, kwa dakika mbili akaizima kwa kuona ni kelele tupu. Nimechagua Master of Puppets ya bendi ya Marekani Metallica, iliyotoka Machi 1986, kwa sababu ndiyo albamu ninayoipenda kuliko zote, na kwa sababu imepangwa kwa namna inayompa msikilizaji mgeni nafasi ya kuizoea, mradi asiisikilize vipande vipande.

Hatua ya kwanza. Tenga muda. Nyimbo ni 8, na zote pamoja huchukua karibu dakika 55. Tumia hedifoni au spika yenye besi nzuri, kwani spika ya simu humeza sauti za chini, na huko chini ndiko aliko Cliff Burton, mpiga gitaa la besi wa bendi, ambaye bila yeye albamu hii isingekuwa na uzito ilio nao.

Hatua ya pili. Anza na Battery, wala usiruke utangulizi wake. Magitaa yasiyo ya umeme huingia kwa upole, yakaongezeka moja baada ya jingine, ndipo kasi inapolipuka.

Hatua ya tatu. Wimbo uliobeba jina la albamu una zaidi ya dakika 8, na unastahili kurudiwa. James Hetfield, mwimbaji na mpiga gitaa wa bendi, hupiga nyuzi kwa kushuka tu, kila pigo kutoka juu kwenda chini, na ndiyo maana gitaa linasikika kavu na lenye hasira. Gonga mapigo mezani kwa kidole wakati wa beti: mafungu matatu ya mapigo yatakwenda sawa, lakini la nne hukatwa kabla halijatimia, na kidole kitaachwa nyuma. Wimbo unahusu dawa za kulevya zinavyomtawala mtumiaji, na kwangu mimi mkato ule unalieleza jambo hilo kuliko maneno yenyewe. Baada ya dakika tatu na nusu hivi kasi hutulia. Solo ya kwanza (solo ni kipande ambacho gitaa moja huongoza), ile ya taratibu, ni ya Hetfield mwenyewe, na ya pili yenye mbio ni ya Kirk Hammett, mpiga gitaa mwenzake.

Hatua ya nne. Katika nyimbo zinazofuata, soma mashairi huku ukisikiliza. Disposable Heroes inamlilia askari kijana anayepelekwa kufa vitani, na Leper Messiah inawashambulia wahubiri wa televisheni wanaochuma fedha za waumini.

Hatua ya tano. Orion. Huu ndio moyo wa albamu, ingawa wengi watanipinga. Hauna maneno hata moja. Katikati vyombo vyote hunyamaza, besi inabaki peke yake ikianza mwendo wa taratibu unaobembea, kisha magitaa yanaifuata kwa sauti zilizooana. Burton alifariki tarehe 27 Septemba 1986, basi la bendi lilipopinduka nchini Sweden, na Orion ilipigwa katika mazishi yake.

Maswali ya wanachama

Swali: Je, muziki huu si wa kishetani? Jalada lina makaburi.

Jibu: Swali lako ni la haki, ndugu yangu. Jalada linaonyesha uwanja wa misalaba meupe iliyofungwa nyuzi, na juu yake mikono inayozivuta. Ni picha ya watu waliochezeshwa na wenye nguvu hadi wakafa, na mashairi mengi ya albamu yanalalamikia hilo hilo.

Swali: Kwa nini magitaa yanasikika mazito hivyo?

Jibu: Albamu ilirekodiwa Copenhagen, katika studio ya Sweet Silence, pamoja na mtayarishaji Flemming Rasmussen, kuanzia Septemba hadi Desemba 1985. Hetfield alirekodi kipande kilekile zaidi ya mara moja, kwa usahihi mkubwa, hata magitaa kadhaa yakasikika kama moja nene.

Swali: Nikishaizoea, nisikilize ipi?

Jibu: Nenda kwanza kwenye Rust in Peace ya bendi ya Megadeth ya mwaka 1990, yenye ufundi mwingi wa magitaa. Reign in Blood ya bendi ya Slayer, ya 1986, iache baadaye. Haifiki hata dakika 30, lakini haikupi pa kupumua, na mashairi yake yanatisha kweli.